Kongamano la maradhi adimu: mama wa Wete aende na mwanawe?

Suali

*Assalaam alaykum. Mwanangu ana miaka 9. Mwaka jana tuliambiwa ana maradhi ya misuli ya Duchenne, anatumia prednisolone. Anatembea lakini anaanguka mara kwa mara na ngazi hapandi. Nimealikwa kongamano la siku mbili la wagonjwa na familia zenye maradhi adimu ya kurithi, Unguja mjini. Mume wangu anasema ni kupoteza nauli kwa maradhi yasiyo dawa. Mama mkwe anasema yametoka upande wangu, kwa nini nikajianike. Mimi nataka kwenda, ila naogopa mwanangu ataona nini huko. Niende? Nimchukue? Na dada yake wa miaka 14 je? — Mama, Wete*

Jawabu

Wa alaykumu ssalaam, mama. Nenda, na mwanao mchukue. Lakini ujue unachokifuata. Aliyekualika huenda amekusifia madaktari bingwa watakaozungumza, na kweli wapo wa kusikilizwa. Ila anachosema daktari jukwaani kwa dakika 20, daktari wako anaweza kukueleza hapo hapo Pemba ukimuuliza vizuri. Usichokipata Wete ni mama mwenzako mwenye kijana wa miaka 13 au 15, aliyekwisha kupita njia unayoikaribia. Anajua kiti cha magurudumu kilipatikana vipi, skuli walisema nini, usiku anamgeuza mtoto mara ngapi. Huyo ndiye wa kumtafuta, na si rahisi kumpata kwengine. Duchenne, maradhi yanayodhoofisha misuli kidogo kidogo, humpata takriban mtoto mmoja katika kila watoto wa kiume 5,000 wanaozaliwa, kwa hivyo familia zake hazikai mtaa mmoja.

Tuseme ukweli ambao waandaaji hawauandiki kwenye kadi ya mwaliko: asubuhi ya kwanza inauma. Utaingia ukumbini uone vijana wameketi kwenye viti, pengine mmoja ana mashine ya kumsaidia kupumua, na akili yako itawaondoa wao imweke mwanao. Wazazi wa watoto wadogo wengi hutoka nje kulia kabla ya chai ya saa nne. Usifunge safari ya kurudi siku hiyo. Kaa mpaka mchana, kwa sababu mchana ndipo utakapomsikia kijana yule yule akibishana na mwenzake kuhusu mpira, au akimfokea mama yake kwa kumwekea sukari nyingi, na picha uliyoichora asubuhi inaanza kubadilika yenyewe.

Kwa ajili hiyo usiende wewe na mtoto peke yenu. Mtu mzima wa pili ni lazima: mume wako akikubali vyema, asipokubali basi dada yako au mama yako mdogo. Kazi yake ni moja, kukaa na mtoto nje wakati wa mazungumzo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia, yaani ya umri wa kuishi, kushindwa kwa moyo na mauti. Ratiba iombe mapema, uyatie alama. Mtoto wa miaka 9 anayechezea simu pembeni anasikia kila neno.

Naye umwandae kabla ya kuondoka, kwa maneno machache: "Utawaona kaka zako wanaotumia viti. Misuli yao ni kama yako. Viti vinawapeleka wanakotaka." Akiuliza, "Na mimi nitakaa kwenye kiti?" mjibu, "Huenda, miguu ikichoka sana. Siku hiyo tutakutafutia kizuri." Usimwambie kwamba yeye atapona. Mtoto mwenzake atamweleza kwa dakika mbili nje ya ukumbi, na baada ya hapo utakalomwambia lolote atalipima.

Unaogopa ataona nini. Kuna jambo moja ambalo pengine hajaliona maishani mwake: mtoto mwengine anayeinuka kutoka chini kama yeye. Anageuka, anaweka viganja sakafuni, anainua makalio, kisha anaupandisha mkono mmoja gotini, wa pili pajani, anajisukuma hatua kwa hatua mpaka asimame. Skuli watoto humcheka kwa hilo. Huko kongamanoni wataketi watatu sakafuni, wote wanainuka vivyo hivyo, na hakuna anayeangalia.

Sasa la mama mkwe, maana hilo ndilo linalowazuia wanawake wengi kusafiri. Jeni inayohusika, iitwayo DMD, iko kwenye kromosomu X. Mtoto wa kiume hupata X moja tu, kutoka kwa mama, na baba humpa Y. Kwa hesabu hiyo, ndiyo, X ni yako. Lakini katika takriban thuluthi moja ya watoto wenye Duchenne, mama akipimwa damu haonekani na kasoro hiyo. Imezuka upya kwa mtoto. Na akionekana nayo, naye aliipokea bila ya kuulizwa, kama alivyopokea rangi ya macho. Kwa hivyo mpaka upimwe, hakuna mwenye haki ya kusema umeileta wewe, na ukipimwa bado hakuna mwenye haki ya kukulaumu.

Kuna na mnong'ono mwengine visiwani kwetu: kwamba haya ni matokeo ya kuoana watoto wa ami. Kwa Duchenne si kweli. Ndoa ya jamaa huongeza hatari katika maradhi yanayohitaji kasoro kutoka kwa baba na mama wote wawili, kama siko seli. Duchenne haihitaji ya baba. Kongamanoni kwa kawaida huwepo mtaalamu wa mambo ya kurithi anayekaa na familia moja moja. Jiandikishe kwake mara tu unapofika, maana nafasi zake ndizo zinazomalizika kwanza. Na kwa maoni yetu, kama afya na nauli vinaruhusu, mtu wa kumpeleka mbele ya mtaalamu huyo ni mama mkwe mwenyewe. Akiyasikia kwa daktari, ndiye atakayewanyamazisha wengine.

Mume wako anasema hayana dawa. Dawa ya kuyaondoa hakuna, hapo kasema kweli. Matibabu yapo, na mwanao ameshaanza mojawapo. Bila ya steroidi, yaani dawa za aina ya prednisolone yake, watoto wengi wa Duchenne huacha kutembea kabla ya miaka 12 au 13. Steroidi kwa wengi huongeza kama miaka miwili au mitatu ya kutembea, huchelewesha mgongo kupinda na huyasaidia mapafu. Moyo unatakiwa upimwe kwa eko (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti) tangu maradhi yanapojulikana, kisha kila mwaka, na miongozo ya kitaalamu inashauri dawa ya kuulinda moyo ianze ifikapo miaka 10 hata kama mtoto halalamiki chochote. Mwanao ana 9. Basi suali lako la kwanza kwa daktari wa moyo utakayemkuta huko ndilo hilo: dawa ya moyo tuanze lini, na ipi? Wanaofuatiliwa moyo na pumzi leo wanafika miaka ya ishirini na thelathini na kitu. Mwambie baba yake hesabu hiyo kabla hajahesabu nauli.

Kuhusu dawa mpya, ukumbini zitatajwa na roho itakudunda. Yapo matibabu ya jeni yaliyoruhusiwa Marekani mwaka 2023, yaitwayo Elevidys: virusi vilivyodhoofishwa hubeba jeni iliyofupishwa na kuingizwa mwilini kwa dripu mara moja. Bei yake iliwekwa dola milioni 3.2. Mwaka 2025 vijana wawili waliokwisha kuacha kutembea walifariki kwa ini kushindwa baada ya kuipata. Zipo pia dawa za kuruka kipande cha jeni, kama eteplirsen iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2016, ambayo inawahusu takriban 13 tu katika kila wagonjwa 100, na mamlaka ya dawa ya Ulaya iliikataa mwaka 2018. Hatuyasemi haya kukuvunja moyo. Tunataka mtu akikuambia "dawa imeshapatikana" umuulize: kwa kasoro ya aina gani, umri gani, anayetembea au asiyetembea, na kilichopimwa ni nini, nguvu za misuli au namba ya maabara tu?

Ukikaribishwa kwenye utafiti wa dawa, omba namba ya usajili. Utafiti uliosajiliwa kwenye daftari la Marekani una namba inayoanza na NCT na tarakimu nane. Wa Afrika huanza na PACTR. Ukitakiwa kulipa ili mtoto aingie, ondoka. Na pembeni mwa makongamano hawakosi wauzaji wa sindano za "seli shina" au maji ya mitishamba ya kukuza misuli. Seli shina hazijathibitishwa kuponya Duchenne, na wanaozipigia debe hutafuta mzazi aliyetoka nje kulia.

Jalada la karatasi ndilo litakaloamua kama utarudi na majibu au na ushauri wa jumla. Chukua nakala mbili mbili, za asili ziache nyumbani. Muhimu kuliko zote ni majibu ya jeni. Pasipo hayo hakuna anayeweza kukuambia dawa ipi inamhusu mwanao. Jeni ya DMD ina vipande 79 viitwavyo eksoni (ndiyo sababu siku ya Duchenne duniani ni tarehe 7 mwezi wa 9), na majibu hutaja zipi zimekosekana, kwa mfano 45 hadi 50. Kama alipimwa na kuambiwa "hakuna kilichopungua", maradhi hayajakanushwa bado: kipimo cha kutafuta vipande vilivyokosekana au kuzidi hukamata kama watoto 7 au 8 katika 10, waliobaki huhitaji jeni isomwe herufi kwa herufi. Kama hajapimwa jeni kabisa na kilichofanywa ni CK ya damu (kipimo cha kuumia misuli) peke yake, hilo ndilo la kwenda kulishughulikia.

Weka pia eko ya mwisho, uzito wa mwezi huu na dozi anayotumia. Kipimo cha kawaida cha prednisolone ni miligramu 0.75 kwa kila kilo ya uzito kwa siku: mtoto wa kilo 24 ni miligramu 18, kwa vidonge vya 5 ni kama vitatu na nusu. Kama uzito umebadilika tangu aanze, muonyeshe daktari. Na kama kwenye karatasi kuna vipimo vya ini vilivyo juu, usitishike wala usikubali kirahisi kwamba ana homa ya ini. ALT na AST zinazopimwa hapo hutoka kwenye misuli pia, na watoto wengi wa Duchenne huzungushwa kwa "ini" miezi mingi kabla ya mtu kufikiria misuli. Kipimo cha GGT hutenganisha: kama ini halina tatizo, hicho hubaki kawaida.

Utasikia wazazi wakilinganisha dozi. Mmoja hutoa siku 10 anapumzika 10, mwengine anatumia deflazacort, steroidi nyengine. Sikiliza, andika, usibadilishe kitu mpaka uzungumze na daktari wako. Hatari kubwa ni kuikatisha ghafla. Mwili uliozoea steroidi huwa umeacha kutengeneza yake, na dawa ikikosekana zaidi ya siku moja mtoto anaweza kulegea, kutapika, presha ikaanguka, na hiyo ni dharura ya hospitali. Kwa hiyo chukua vidonge vya siku zote za safari na siku nne zaidi, ugawe kwenye mikoba miwili. Kusi ikivuma boti huahirishwa.

Tufike kwenye boti. Siku ya safari dawa asile asubuhi tumbo tupu halafu mkaingia mkondo wa Nungwi; akitapika utakuwa hujui kimebaki nini. Ale kidogo kabla ya safari, dawa umpe na chakula mkishateremka, maana kuchelewa kwa saa chache hakudhuru. Akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, rudia dozi. Akiitapika na hiyo, msiende ukumbini, nendeni hospitali siku hiyo hiyo: Mnazi Mmoja haiko mbali na bandari ya Malindi.

Angalia na maji. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, daraja la kupandia boti huinama sana, kwa hivyo fika mapema, muombe mhudumu mtangulie kabla ya msongamano, na mkae chini karibu na mlango. Halafu kuna kosa ambalo mahamali hulifanya kwa nia njema: humshika mtoto chini ya makwapa na kumnyanyua. Mtoto wa Duchenne ana mabega dhaifu. Mikono itapanda juu na atateleza kama kanzu inavyovuliwa, aanguke. Mwambie hamali kabla hajamgusa: mkono mmoja chini ya mapaja yote mawili, mwengine mgongoni, mtoto abanwe kifuani. Steroidi pia hudhoofisha mifupa, na kuanguka kudogo kunaweza kuvunja paja. Ukipata uwezo wa ndege kutoka Chake Chake, ni kama nusu saa tu, ila ngazi za ndege ndogo ni nyembamba na atabebwa vivyo hivyo.

Mfukoni mwa shati lake tia kadi ya dharura. Iandikwe Kiswahili na Kiingereza, mistari mitatu: ana Duchenne; anatumia prednisolone miligramu kadhaa kila siku, isikatishwe; akihitaji upasuaji asipewe suksametonium (dawa ya kulegeza misuli) wala gesi za usingizi za kuvuta. Dawa hizo mbili zinaweza kuvunja misuli na kusimamisha moyo wake mezani. Kadi hiyo ibaki naye hata mkirudi.

Katika yote yatakayofundishwa, moja usilikose: meza ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Unahitaji mikono yake juu ya mguu wa mwanao, na simu yako ikirekodi. Anavyofanya ni hivi. Goti limenyooka, kisigino kinakaa ndani ya kiganja chako, wayo unalala kwenye mkono wako kuelekea kiwiko, unavuta kisigino kuja kwako huku mkono ukisukuma wayo kwenda juu, unashikilia hadi hesabu ya 20 au 30, unalegeza, mara kumi kila mguu. Wengi husukuma vidole tu, wakapinda katikati ya wayo, na mshipa wa kisigino ukabaki mfupi vile vile. Mwambie mtaalamu akuangalie ukifanya wewe, akusahihishe, ndipo uondoke.

Na ikiwa wafadhili wanagawa viti, usichukue kikubwa kwa kufikiri "atakua ndani yake". Kiti kipana humfanya aegemee upande mmoja, na mgongo huanza kupinda kutoka hapo. Upana uwe wa nyonga zake akiwa ameketi pamoja na sentimita mbili au tatu. Kina cha kukalia kiishie sentimita tatu hadi tano kabla ya nyuma ya goti. Kwa njia za udongo za huko kwenu, magurudumu madogo ya mbele huzama. Kama kuna chenye gurudumu kubwa la mbele, hicho.

Utamkuta pia mama aliyefiwa. Wapo wanaoendelea kuja baada ya watoto wao kutangulia, na wageni huwakimbia kana kwamba msiba unaambukiza. Mpe pole, kaa naye. Mara nyingi ndiye mwenye muda wa kukueleza kwa utulivu, na pengine nyumbani kwake kuna godoro au kiti kinachosubiri mtoto mwengine.

Urudi na namba tatu za simu, zisizidi sana. Pembeni mwa kila namba andika: mama wa nani, mtoto miaka mingapi, alianza kiti lini, anakaa wapi, kaniambia nini. Piga kabla ya wiki kwisha. Ukingoja mwezi utaona haya. Kikundi cha WhatsApp kitaundwa tu, basi kiwe na masharti tangu siku ya kwanza: hakuna kuagizana dozi, hakuna picha ya mtoto bila ya ruhusa ya mzazi, hakuna kuuza dawa. Mkiwa familia tatu za Pemba, hata kama maradhi ni tofauti, kutaneni kwa mmoja wenu baada ya alasiri, siku ya maradhi adimu duniani, tarehe 28 Februari (29 mwaka mrefu), ikiwa sababu nzuri ya kuanza.

Umeuliza na dada yake. Mchukue. Ana miaka 14, anaona nyumba nzima inamzunguka kaka yake, na pengine hakuna aliyewahi kumuuliza yeye ana hofu gani. Huko atakuta dada za wagonjwa wengine. Lakini wewe ukionekana kuwa na kasoro ya jeni, uwezekano wa yeye kuwa nayo ni nusu kwa nusu. Kipimo chake hakina haraka. Wataalamu hushauri angojewe afikie umri wa kuamua mwenyewe, asije akapimwa sasa kisha majibu yakawa maneno ya mtaani siku atakapoposwa. Wewe ukikutwa nayo ndiye wa kupimwa moyo, kwani hata wanawake wanaoibeba hupata udhaifu wa moyo ukubwani. Yeye kwa safari hii mpe kazi ya kurekodi kwenye meza ya mazoezi, mikono yako itakuwa na mguu wa kaka yake.